Kitenzi cha Kifaransa katika Sikio la Watu wa Ruvuma

Mshairi wa Kiswahili huhesabu kwa sikio kabla ya kuhesabu kwa kalamu. Aweza kuupamba ukurasa kwa herufi atakazo, lakini mshororo ukiimbwa, hapo ndipo hadhira inapojua kama mizani imetimia au imepelea. Kwa sababu hiyo, elimu ya silabi, ambayo wengi huiona kuwa kazi kavu ya wanasarufi, kwetu sisi wapenzi wa ushairi ni elimu ya msingi wa utungo.

Makala haya yanaichukua elimu hiyo na kuivusha bahari. Yanauliza lililotokea pale sikio lililolelewa katika pwani ya kusini, baina ya Kilwa na visiwa vya Kerimba, na katika bara la mto Ruvuma, lilipokutana na kitenzi cha Kifaransa. Kukutana huko hakukuwa kwa darasani wala kwa daftari. Kulikuwa kwa utumwani, shambani na jikoni, kwa watu ambao hawakupewa herufi hata moja ya lugha waliyolazimishwa kuitii. Walichokifanya watu hao kwa kitenzi cha bwana zao kingalipo hadi leo katika vinywa vya watu wa Morisi na Shelisheli, nasi tuna haki ya kukijua.

Mizani ya kwetu

Tuanze nyumbani. Neno *mtu* lina irabu moja tu, lakini katika ushairi lina mizani mbili: *m-tu*. *Mtoto* ni mizani tatu. *Hakumpa* ni mizani nne, *ha-ku-m-pa*, na ile *m* ya katikati isiyo na irabu ndiyo inayobeba mkazo wa neno zima. Mgeni anayejifunza lugha yetu kitabuni hustaajabu kuona konsonanti ikipewa cheo cha silabi. Mwenyeji hastaajabu, kwa kuwa amelisikia neno kabla ya kuliona.

Sababu ya jambo hili ni ya kihistoria, na ushahidi wake umetapakaa katika bara la Mtwara. Mmakonde akitaja mtu husema *munu*. Myao husema *mundu*. Mmakua husema *mutthu*. Kiswahili chenyewe hapo kale kilikuwa na *mu-* hiyo hiyo. Irabu *u* ikadondoka katika matamshi ya pwani, lakini nafasi yake katika hesabu haikudondoka. *M* iliurithi mzani wa irabu iliyokufa. Hesabu *munu*, hesabu *mundu*, hesabu *mutthu*, kisha hesabu *mtu*: mizani ni mbili katika lugha zote nne.

Kanuni hiyo ina upande wake wa pili. *Mu-* ikikutana na irabu huyeyuka ikawa *mw-*, na hapo mzani mmoja hupotea. *Anampenda* ni mizani tano, *a-na-m-pe-nda*, ilhali *anamwona* ni mizani nne, *a-na-mwo-na*. Hakuna mtoto wa pwani aliyefundishwa jambo hili, wala hakuna anayelikosea. Na karibu silabi zote za lugha hizi zetu huishia kwa irabu, kiasi kwamba sikio letu limezoea kuikata sauti kila mara irabu inapotua.

Sikio la namna hii ndilo lililosafiri.

Nguo nyingi, sauti chache

Sasa tukiangalie kitenzi cha Kifaransa. Tuchukue *manger*, yaani kula, kitenzi ambacho mtumwa hakukosa kukisikia. Katika wakati uliopo Mfaransa huandika *je mange* kwa nafsi ya kwanza, *tu manges* kwa ya pili, *il mange* kwa ya tatu, na *ils mangent* kwa watu wengi. Jicho linaona tahajia tatu za kitenzi. Sikio halisikii ila tamko moja: silabi moja yenye irabu ya puani, ikafungwa kwa sauti ambayo Kiswahili hakina, iliyo jirani na *z* yetu lakini nzito zaidi. Zile herufi za mwisho, *-e*, *-es* na *-ent*, ni mapambo ya karatasi.

Upande wa pili yapo maumbo *manger*, *mangé*, *mangez*, *mangeais*, *mangeait* na *mangeaient*. La kwanza ni jina la tendo, la pili ni tendo lililokwisha, la tatu ni agizo au taarifa kwa watu wengi au kwa mtu wa heshima, na yaliyosalia ni ya wakati uliopita. Jicho linaona maumbo sita. Sikio linasikia silabi mbili, *man-* na nyingine inayotua kwenye sauti ya *e*, kwa tofauti ndogo sana baina ya umbo na umbo. Yapo pia maumbo kama *mangeons* na *mangera*, lakini yale yenye tamko fupi na yale yenye tamko la *e* mwishoni ndiyo yanayojaa katika mazungumzo ya kila siku.

Hivyo basi mtu asiyejua kusoma, akisikiliza kwa makini, hukuta kwamba kitenzi hiki kina sura mbili kubwa: fupi na ndefu. Mtu aliyesoma hukuta maumbo kadhaa. Tuyaweke maneno haya akilini, kwa sababu ndiyo kiini cha habari.

Ushairi wa Kifaransa, kwa upande wake, una kumbukumbu ndefu kuliko mazungumzo. Mshororo wao mashuhuri ni wa mizani kumi na mbili, ukagawanywa sita kwa sita, kama sisi tunavyougawanya mshororo wa mizani kumi na sita kuwa ukwapi na utao wa nane kwa nane. Katika mshororo huo, *e* ambayo watu wengi wamekwisha acha kuitamka huhesabiwa bado, endapo inafuatwa na konsonanti. *Ils mangent* katika mazungumzo ni mizani miwili. Ndani ya mshororo, konsonanti ikifuata, ni mitatu. *E* iliyo herufi ya mwisho ya neno, ikifuatwa na irabu, huyeyuka, kama vile *je* inavyokuwa *j'* katika *j'aime*. Mshairi wa Kifaransa na mshairi wa Kiswahili wanakutana hapa: wote wawili wanaiheshimu irabu iliyokwenda zake. Tofauti ni kwamba *m* yetu ingali inasikika sokoni na ngomani, ilhali *e* ya Mfaransa, kwa sehemu kubwa ya nchi yake, imebaki kuwa mali ya jukwaa na karatasi.

Lipo jambo moja zaidi la kukumbukwa. Kifaransa kikisemwa hakijali mpaka wa neno. Konsonanti ya mwisho wa neno huruka ikaifungua silabi ya neno linalofuata. *Les oiseaux*, yaani ndege wengi, hutamkwa *le-zwa-zo*. *Ils ont*, yaani wanacho, hutamkwa kwa *z* iliyosogea mbele na kuishika irabu. Anayesoma anajua kwamba *s* ni mali ya neno la kwanza. Asiyesoma anasikia silabi tu, na silabi zinamwambia kwamba neno linaanza kwa *z*.

Njia ya Kilwa na Ibo

Wafaransa walikitwaa kisiwa walichokiita Île de France, ambacho leo ni Morisi, mwaka 1715, na makazi yao yakaanza mwaka 1721. Jirani yake, Bourbon, leo Reunion, kilikuwa tayari mikononi mwao. Gavana Mahé de La Bourdonnais alifika mwaka 1735, na tangu hapo kazi ya kujenga bandari, barabara na mashamba ikawa inadai watu. Watu hao walitolewa Bukini kwa wingi, wengine India na Afrika Magharibi, na kadiri karne ilivyosonga, pwani ya Afrika Mashariki ikawa ndiyo chimbuko kubwa kuliko yote.

Merikebu za Kifaransa zilinunua watu katika kisiwa cha Msumbiji, katika Ibo ya visiwa vya Kerimba, na katika Kilwa. Mwaka 1776 nahodha na mfanyabiashara Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa, akiahidiwa watumwa 1000 kila mwaka kwa bei ya piastre 20 kwa kichwa kimoja. Mkataba huo umehifadhiwa pamoja na maandishi mengine ya Morice, na mwanahistoria G. S. P. Freeman-Grenville aliyachapisha mwaka 1965. Ni vyema wasomaji wa pwani tuutazame bila kupepesa macho: muhuri mmoja ulikuwa wa mgeni, na mwingine ulikuwa wa mwenyeji.

Baina ya Kilwa upande wa kaskazini na Ibo upande wa kusini ndipo mto Ruvuma unapomwaga maji yake, na ndipo zilipo Mikindani, Mtwara na Msimbati. Mji wa Mtwara wa leo una kata iitwayo Ufukoni, na jina hilo lingefaa kuitwa pwani hiyo nzima, kwa kuwa kwa watu wengi wa bara ufuko ndio uliokuwa mwisho wa nchi kavu. Njia za misafara ya Wayao zilishuka kutoka upande wa ziwa Nyasa. Wamakua waliuzwa kutoka kusini mwa mto. Wamakonde walipanda katika nyanda za juu zenye vichaka vikali na maji haba, na kimbilio hilo liliwaokoa wengi, lakini si wote.

Wakifika visiwani, majina yao yalifutwa. Katika daftari za mabwana waliitwa kwa jumla watu wa Msumbiji, na huko Bukini wazao wa waliovushwa huitwa Makoa hadi leo, jina linalotoka kwa Wamakua. Kusini-magharibi mwa Morisi ipo rasi yenye mwamba iitwayo Macondé, ambayo jina lake wengi hulihusisha na Wamakonde. Si mbali na hapo upo mlima Le Morne, uliokuwa maficho ya watumwa watoro, ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008.

Waingereza waliiteka Île de France mwaka 1810 na kuirudishia jina la Mauritius. Utumwa ulikomeshwa huko mwaka 1835, walipokuwapo watumwa zaidi ya 60,000, na Reunion ukakomeshwa mwaka 1848. Shelisheli, kwa upande wake, ilipokea watu zaidi ya 2,000 kuanzia mwaka 1861, waliookolewa na manowari za Waingereza kutoka majahazi ya biashara hiyo, wengi wao wakiwa wa pwani na bara la kwetu. Hao ndio waliopeleka kwa Washelisheli hadithi za Soungoula, mnyama mjanja ambaye hakuna msomaji wa Kiswahili atakayehitaji kutafsiriwa jina lake.

Sikio lilivyokata

Sasa tusikilize Kikrioli cha Morisi. Kitenzi cha kula ni *manze*, na kina sura ya pili, *manz*. Kusema ni *koze* na *koz*, kutoka *causer* ya Kifaransa. Kuimba ni *sante* na *sant*, kutoka *chanter*. Kutembea ni *marse* na *mars*, kutoka *marcher*. Kwenda ni *ale* na *al*. Maumbo ni mawili, fupi na refu, sawasawa na yale ambayo tumeona kwamba sikio huyakuta katika Kifaransa chenyewe. Herufi bubu zote zimetupwa, kwa kuwa hazikuwahi kusikika.

Lakini waliozaliwa katika lugha hiyo hawakuishia kuyarithi maumbo mawili. Waliyapa kazi mpya. *Mo manze* ni "ninakula", basi, sentensi imetua. *Mo manz diri* ni "ninakula wali". Umbo refu husimama pale kitenzi kinapokuwa peke yake. Umbo fupi hutumika pale kinapoegemea kile kinachokifuata. Mfaransa hakuwa na kanuni hii. Kwake, tofauti ya *mange* na *mangé* ilikuwa tofauti ya nafsi na wakati. Kikrioli kiliichukua tofauti ya sauti na kuitia ndani yake sheria nyingine kabisa, na sheria hiyo inafuatwa na kila mzungumzaji kwa uhakika ule ule ambao sisi tunaufuata katika *anampenda* na *anamwona*.

Wakati nao ulihama. Haukai tena mwishoni mwa kitenzi, mahali ambapo Kifaransa hukificha kwa herufi. Umekuja mbele, katika vijineno vifupi: *mo ti manze*, nilikula, *mo pe manze*, ninakula sasa hivi, *mo pou manze*, nitakula, *mo finn manze*, nimekwisha kula. Nafsi kwanza, kisha wakati, kisha kitenzi. Msomaji wa Kiswahili atautambua mpango huo mara moja, kwa kuwa *ni-ta-ondoka* umepangwa hivyo hivyo. Vijineno vyenyewe, hata hivyo, ni vya Kifaransa: *pou* ni *pour*, na *pe* inatokana na *après*, kwa kuwa Wafaransa wa mikoani walizoea kusema mtu yuko "baada ya" kufanya jambo wakiwa na maana kwamba analifanya sasa.

Katika majina, mkato wa silabi umeacha alama iliyo wazi zaidi. *Les oiseaux* imekuwa *zwazo*, ndege, hata akiwa mmoja. *Les enfants* imekuwa *zanfan*, mtoto. *La case*, nyumba, imekuwa *lakaz*. *La table*, meza, imekuwa *latab*. *Du riz* imekuwa *diri*, *de l'eau* imekuwa *dilo*, maji, na *du feu* imekuwa *dife*, moto. Kijineno kinachotangulia jina kimeshikamana na jina lenyewe na kuwa silabi yake ya kwanza.

Na sauti ambazo sikio halikuzizoea zilipewa jirani zake wa karibu. Ile sauti ya *manger* ikawa *z*, ile ya *chanter* ikawa *s*, na irabu ya *du*, inayotamkwa kwa midomo ya *u* na ulimi wa *i*, ikawa *i*. Kiswahili nacho kilifanya vivyo hivyo bila kuomba ruhusa ya mtu. Tuna neno *divai*, ambalo kamusi zetu zinaonyesha kuwa lilitoka *du vin* ya Kifaransa: kijineno *du* kimeingia ndani ya jina, irabu yake imekuwa *i*, na sauti ya puani ya mwisho imefunguliwa ikawa *-ai*. Watu wa Bukini husema *divay*, na wa Morisi husema *divin*. Pwani tatu za bahari moja zimelikata neno hilo mahali pamoja.

Hoja za wataalamu

Je, yote hayo ni kazi ya sikio la Kibantu? Hapa wataalamu wamevutana kwa miaka mingi, na si haki kuuficha mvutano huo.

Robert Chaudenson, aliyechapisha mwaka 1974 utafiti mpana wa msamiati wa Kikrioli cha Reunion, alishikilia kwamba sehemu kubwa ya yale tunayoyaona ni Kifaransa cha watu wa kawaida wa karne ya 17 na ya 18, kilichopelekwa visiwani na mabaharia na walowezi wasio na elimu, kisha kikaendelea kubadilika. Kwa mtazamo wake, mbegu ilikuwa ya Kifaransa. Philip Baker na Chris Corne, katika kitabu chao cha mwaka 1982 kuhusu Kikrioli cha Île de France, waliwapa watumwa na lugha zao nafasi kubwa zaidi katika kuiumba lugha hiyo. Baker aliandika pia, mwaka 1984, kwamba wingi wa majina yaliyomeza kijineno cha mbele katika visiwa vya Bahari ya Hindi unahusiana na wasemaji wa lugha za Kibantu, ambao katika lugha zao jina halikosi kiambishi mbele yake. Mtu aliyezoea *ki-ti* na *mu-nu*, akisikia *la-kaz*, hatafuti mpaka baina ya *la* na *kaz*. Kwake silabi ya kwanza ndiyo mlango wa jina.

Zipo sababu za kuwa na hadhari. Watu wa Bukini walikuwapo tangu mwanzo, na lugha yao si ya Kibantu. Watoto waliozaliwa visiwani, wa asili zote, ndio walioifanya lugha ya kubahatisha kuwa lugha ya nyumbani. Zaidi ya hayo, Kikrioli hakikuzifungua silabi zote. Mbukini aliichukua *la table* akaifanya *latabatra*, akitia irabu kila palipokuwa na mfungo, kama Mswahili alivyoichukua *mesa* ya Kireno akaendelea na *meza* yake bila taabu. Mkrioli aliiacha *latab* ikiwa imefungwa, na *manz* na *koz* vilevile. Laiti sikio la Ruvuma lingekuwa peke yake kazini, tungetazamia *manzi* na *kozi*.

Kwa hiyo lililo wazi ni hili. Maumbo mawili ya kitenzi yalikuwa tayari ndani ya tamko la Kifaransa; hayakubuniwa na mtu. Yaliyokuwa yakiyaficha ni maandishi. Watu walionyimwa maandishi waliyasikia, na waliotoka pwani yetu walikuwa wengi miongoni mwao katika miaka ile ambayo lugha hiyo ilikuwa inakua. Sikio lao lilileta mazoea mawili ya kwetu: kukata sauti kwa silabi pasipo kuuliza neno linaanzia wapi, na kutazamia kwamba habari ya nafsi na wakati itangulie kitenzi. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Katika mambo haya mawili, mtumwa hakuiacha.

Kosa au kanuni

Lugha hiyo iliitwa majina ya dharau kwa zaidi ya karne mbili. Charles Baissac, Mmorisi aliyeandika mwaka 1880 uchunguzi wa kwanza mkubwa wa sarufi yake, na aliyekusanya ngano zake katika kitabu cha mwaka 1888, bado aliiita *patois*, yaani lugha ya washamba isiyofikia hadhi ya lugha. Kwa wengi wa tabaka la juu kilikuwa Kifaransa kilichovunjika, na ushahidi wa kuvunjika huko ulikuwa kitenzi: mbona hakina *-es*, mbona hakina *-ent*? Hawakujiuliza ni lini wao wenyewe waliitamka *-ent* mara ya mwisho.

Heshima ilichelewa, lakini imefika. Shelisheli ilikifanya Kikrioli kuwa lugha ya taifa mwaka 1981. Morisi iliafiki tahajia rasmi mwaka 2011 na kukiingiza katika shule za msingi mwaka 2012. Mshairi na mwandishi wa tamthilia Dev Virahsawmy, aliyefariki mwaka 2023, alitumia umri wake kuonyesha kwamba katika lugha hiyo Shakespeare huweza kusimama jukwaani na mshororo huweza kupimwa. Na nyimbo zilizohifadhi matamshi ya watumwa zimetambuliwa na UNESCO kuwa urithi usioshikika: maloya ya Reunion mwaka 2009, sega ya Morisi mwaka 2014, na moutya ya Shelisheli mwaka 2021.

Jambo hili linatuhusu sisi kwa njia ya pili, iliyo karibu zaidi na nyumbani. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya nchi nne za Afrika Mashariki kukisimamia. Uteuzi huo ulikuwa na manufaa makubwa, na bila huo huenda makala haya yasingesomeka kutoka Mikindani hadi Lamu. Lakini lahaja ya pwani ya kusini, ambayo wataalamu wa zamani waliiita Kimgao, haikupata hata kiti cha nyuma katika majadiliano ya aina ile. Kimvita kilitetewa na washairi wake, Kiamu kikalindwa na tenzi zake. Kusini kulibaki kusikiliza na kusahihishwa.

Usahihishaji huo ungali unaendelea. Mtoto wa bara la Mtwara akisema *muti* mahali pa *mti*, au *mutu* mahali pa *mtu*, huambiwa ameharibu Kiswahili. Katika mtihani wa sanifu, mwalimu ana haki yake, na mtoto hana budi kujifunza. Lakini mwalimu wa ushairi anapaswa kujua jambo moja zaidi na kulisema darasani: mtoto yule hakukosea mizani. *Mu-ti* ni mizani mbili na *m-ti* ni mizani mbili. Ameitamka irabu ambayo sisi tunaihesabu bila kuitamka. Kinywa chake kinaeleza kwa nini *m* yetu ina cheo cha silabi, jambo ambalo vitabu vingi vya arudhi huliamrisha pasipo kulieleza. Mtoto huyo asahihishwe matamshi, lakini asiondoke akiamini kwamba lugha ya bibi yake ni makosa yaliyorundikana.

Hasara ya kuamini hivyo si ndogo. Anayeona haya kwa sikio lake haandiki shairi. Huandika anachodhani kwamba mwingine angependa kukiona. Kwa muda mrefu Wamorisi walikisema Kikrioli nyumbani na kuficha uso mbele ya wageni, na katika muda huo mashairi yao mengi yalikufa midomoni bila ya mtu kuyaandika. Pwani ya kusini ya Tanzania ina nyimbo za jando na unyago, za kuvua na za kutwanga, katika Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kiswahili cha huko. Anayetaka kuzikusanya aanze kwa kuhesabu silabi zake jinsi zinavyoimbwa, na si jinsi kamusi inavyotaka ziandikwe.

Tunapozuru Kilwa tunaonyeshwa kuta za msikiti mkuu na za jumba la Husuni Kubwa, na ni vyema. Mikindani tunaonyeshwa boma la Wajerumani. Majengo hayo ni kumbukumbu za waliotawala na waliofanya biashara. Waliopakiwa merikebuni hawakuacha jiwe juu ya jiwe, na majina yao mengi hayapatikani popote. Lakini mahali ambapo mikono yao ilifungwa, sikio halikufungwa, na kitenzi walichokisikia wakakitengeneza upya kingali kinatumika kila siku na watu zaidi ya milioni moja ambao wengi wao hawajawahi kusikia jina la Ruvuma: *manze*, *koze*, *sante*. Kula, kusema, kuimba.